Kutunza reli ndogo ya klabu: mwongozo kamili kwa wanaojitolea

Kwenye treni ndogo kila kitu kimepunguzwa isipokuwa abiria. Kichwa cha treni kilichoundwa kwa kipimo cha 1 kwa 8 kina ujazo ambao ni sehemu 1 tu kati ya 512 ya kile kikubwa alichokiiga fundi. Lakini mtu mzima anayepanda behewa la nyuma ana kilo zake zile zile 80, na amekaa juu ya magurudumu yaliyoachana kwa sentimita 18 hivi. Uzito uko juu, msingi ni mwembamba. Kasoro ya milimita 5 ambayo treni kubwa ingeipita bila abiria kuhisi chochote, kwetu inatosha kulilaza behewa ubavu na kumwaga watoto kwenye kokoto.

Mwongozo huu ni wa wale wanaofika klabuni siku ya mapumziko, wakavaa glavu na kuuliza, "Leo tunafanya nini?" Nimeshika mtaimbo kwenye njia ya namna hii kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kukimbilia nyundo. Anaona reli imelala, anaiinua, anaondoka ameridhika. Mvua mbili zikipita, imelala tena pale pale. Kazi ya njia huanza kwa kutafuta sababu, na mara nyingi sababu ni maji.

Fahamuni njia yenu

Jambo la kwanza ni geji, yaani nafasi kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli mbili (kichwa cha reli ni sehemu yake ya juu, gurudumu linapokanyaga). Vilabu vingi vya treni za kupanda hutumia inchi 3½ (milimita 89), inchi 5 (milimita 127) au inchi 7¼ (milimita 184). Amerika Kaskazini, ukiacha upande wa kaskazini-mashariki, wengi wako kwenye inchi 7½, yaani milimita 190.5, ndiyo geji ya Train Mountain kule Chiloquin, Oregon, na ya Los Angeles Live Steamers katika Griffith Park. Kati ya 7¼ na 7½ kuna milimita 6 na ushee tu, lakini magurudumu ya moja si ya kupitishwa kwenye njia ya nyingine. Kwa hiyo msikubali maneno kama "ni inchi saba na kitu." Andikeni geji yenu kwa milimita kwenye ukuta wa karakana, na chini yake mwandike inaruhusiwa kuzidi kiasi gani na kupungua kiasi gani. Kama klabu inafuata viwango vya IBLS (chama cha kimataifa cha wapenzi wa treni ndogo za mvuke) au vya chama kingine, nakala iwepo hapo hapo.

Jambo la pili, njia iwe na anwani. Pigilieni vigingi vyenye namba kila mita 10 kuzunguka njia nzima. "Pale karibu na ule mti" ni maelezo yanayokula nusu saa ya watu sita. "Kigingi 34, taruma la 7 kuelekea daraja, reli ya nje" yanampeleka mtu moja kwa moja hata kama ndiyo siku yake ya kwanza. (Taruma ni kile kipande cha mbao au plastiki kinacholazwa chini ya reli mbili kuzishika.)

Halafu daftari la njia. Moja tu, la karatasi ngumu, linalokaa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku la vifaa. Kila kasoro iandikwe: tarehe, kigingi, kipimo, kilichofanyika, jina la aliyefanya. Ukurasa mmoja hauna maana kubwa. Kurasa za miaka miwili ndizo zitakazokuonyesha kwamba kigingi 34 kimeinuliwa mara tano, na kwamba shida ya pale haitatatuliwa kwa kuinua mara ya sita.

Funga njia kabla ya kugusa chochote

Kwenye klabu daima kuna mtu anayetaka kujaribu kichwa chake "mzunguko mmoja tu." Treni ndogo haina kelele nyingi, na ile ya betri haina kelele kabisa. Mtu aliyeinama kukaza skrubu haisikii mpaka imemfikia.

Msimamizi wa kazi ni mmoja kwa siku hiyo, na watu wote wanamjua. Anaweka kizuizi chenye kufuli kukatiza njia pande zote mbili za eneo la kazi, anasimika bendera nyekundu mbele ya kila kizuizi, na ufunguo unakaa mfukoni mwake mwenyewe. Usining'inizwe kwenye msumari wa karakana.

Vifaa vihesabiwe vinapotoka na vinaporudi. Spana iliyosahauliwa kati ya reli inaweza kuiangusha treni sawasawa na reli iliyovunjika. Sisi tumechora umbo la kila kifaa kwenye ubao wake, na jioni nafasi tupu inaonekana kwa mbali. Miwani ya kinga kwa anayekata au kutoboa, glavu kwa wote, buti ngumu kwa wanaobeba reli. Reli ya mita 3 ibebwe na watu wawili, hata kama mmoja anasema anaiweza.

Tembea njia

Ukaguzi wa miguu ndio kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ni kazi ambayo mzee mwenye mgongo unaouma anaifanya vizuri kuliko kijana mwenye nguvu, kwa sababu haendi mbio. Tembea polepole, upande mmoja kwenda na upande wa pili kurudi. Kila mita 20 hivi piga goti, weka jicho usawa wa kichwa cha reli, na tazama mbele kwa kuifuatisha reli. Macho yako, kutoka hapo chini, yataona mikunjo na mabonde ambayo ukiwa umesimama huyaoni hata kidogo.

Soma mng'aro wa reli. Magurudumu huacha mstari unaong'aa juu ya kichwa cha reli, na kwenye njia nzuri mstari huo hutiririka kwa upana ule ule. Ukiona umehama ghafla kwenda ukingoni, au umekatika kwa sentimita kadhaa kisha ukaendelea, hapo kuna bonde, msokoto au kona iliyovunjika. Unga wa chuma ubavuni mwa reli ya nje kwenye kona unakuambia ukingo wa gurudumu, ule mdomo unaolizuia lisitoke kwenye reli, unasaga reli. Mchoro mwembamba unaopita mshazari juu ya kichwa cha reli ni dalili mbaya kuliko zote: hapo ukingo wa gurudumu ulishapanda juu ya reli, hata kama ulirudi chini wenyewe na dereva hakujua.

Kisha tazama kokoto kuzunguka vichwa vya mataruma, yaani ncha zake. Taruma lenye uwazi chini yake hupanda na kushuka kila treni inapopita, kama pampu. Wakati wa kiangazi utaona unga mweupe wa mawe yaliyosagana umezunguka taruma hilo moja huku majirani zake wakiwa safi. Wakati wa mvua utaona tope limerukia juu ya taruma. Kasoro hii haionekani njia ikiwa haina mzigo, kwa sababu reli inalishikilia taruma likining'inia hewani, na pimamaji litakuambia kila kitu ni sawa.

Njia rahisi ya kuipima ni hii. Weka jiwe bapa chini ya reli, katikati ya mataruma mawili, ulishindilie lisicheze. Finyanga kidonge cha udongo laini wa mfinyanzi, ukiweke juu ya jiwe mpaka kiguse tako la reli, yaani upande wake wa chini. Pitisha treni iliyobeba watu, polepole. Reli ikishuka itakibana kidonge, ikirudi juu itaacha mwanya. Huo mwanya ndio kiasi ambacho taruma linashuka. Ingiza vipande vya bati mpaka ujue ni milimita ngapi, uandike. Nimeona mwanya wa milimita 4 mahali ambapo watu watatu walishapita na pimamaji wakasema hapana tatizo.

Maji kwanza

Kokoto za njia ndogo ziwe za mawe yaliyopondwa, zenye kona kali, za ukubwa wa milimita 10 hivi, na chini ya mataruma ziwe na kina cha sentimita 8 hadi 10. Mawe ya mtoni yaliyolainika hayafai: yanabingirika, hayashikani. Kokoto zina kazi tatu, nazo ni kusambaza uzito, kulizuia taruma lisihame, na kuyaacha maji yapite. Ya tatu ikishindwa, zile mbili huifuata.

Zikijaa udongo, majani yaliyooza na vumbi, maji hukaa. Udongo wa chini unalainika, kokoto zinazama ndani yake, tope linapanda juu. Ndipo taruma linapoanza kupampu, na kila treni inaongeza tope.

Kwa hiyo mahali panapolala kila mara, fukua. Toa kokoto zote kati ya mataruma matatu au manne, uone zimekaa juu ya nini. Ukikuta tope jeusi, liondoe mpaka udongo mgumu, upe chini mwinamo mdogo kuelekea nje, utandike kitambaa kizito cha kuchujia, kile kinachoitwa jeotekstaili, kisha rudisha kokoto safi. Usitandike nailoni badala yake, maana itageuka kuwa beseni. Pembeni chimba mfereji ambao chini yake ni pa chini kuliko kitambaa, na hakikisha mfereji huo una mahali pa kwenda. Mwaga ndoo ya maji uyafuate kwa macho mpaka yanakoishia.

Wakati mzuri wa kujifunza njia yenu ni mvua ikiwa inanyesha. Vaa koti la mvua, chukua daftari, zunguka. Dakika 20 za mvua zitakuonyesha madimbwi, mifereji iliyoziba na mahali kilima kinapomimina maji yake juu ya reli.

Magugu nayo ni suala la maji kuliko suala la sura. Mizizi hukamata udongo, udongo hukamata maji. Yang'oeni yakiwa machanga. Mizizi ya miti ni mzigo mwingine: huinua njia taratibu, upande mmoja, na hakuna kushindilia kutakakoishinda. Hapo mtachagua kuukata mzizi kwa ushauri wa anayejua miti, au kuihamisha njia.

Kupima: geji, usawa, msokoto

Geji ipimwe kwa kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo cha klabu, chenye upande mmoja unaotakiwa kupita na mwingine usiotakiwa kupita. Futi kamba haina uhakika wa kutosha kwa kazi hii. Kwenye kona kali klabu nyingi huipanua geji kidogo ili magurudumu yasibanwe. Kiasi hicho kiwe kimeandikwa, kila fundi asije na chake.

Usawa wa reli ya kushoto na ya kulia unapimwa kwa pimamaji lililolazwa kukatiza reli zote mbili. Ingiza vipande vya bati chini ya upande ulio chini mpaka kiputo kikae katikati; unene wa vipande hivyo ndio tofauti. Andika kila nusu mita, ukitumia alama ya kujumlisha kama reli ya kulia iko juu na ya kutoa kama iko chini.

Sasa usizitazame namba moja moja. Tazama zinavyobadilika. Njia iliyoinama milimita 4 kuelekea upande mmoja kwa mita 10 mfululizo haina hatari kubwa, behewa litaegemea na kuendelea. Lakini ukikuta 0, kisha kujumlisha 4, kisha kutoa 2, njia imesokotwa: gurudumu la mbele linainuliwa upande mmoja wakati la nyuma linazama, na fremu ngumu ya behewa inalazimika kuachia gurudumu moja lielee. Gurudumu linaloelea halina kinachoulazimisha ukingo wake kubaki ndani ya reli. Msokoto ndio adui mkubwa wa njia ndogo. Klabuni kwetu badiliko linalozidi milimita 3 ndani ya nusu mita huandikwa kwa wino mwekundu, na treni za abiria hazipiti hapo mpaka parekebishwe.

Kushindilia taruma, hatua kwa hatua

Hii ndiyo kazi mtakayoifanya mara nyingi, na wengi hufundishwa vibaya. Mtu mmoja na taruma moja, kwa utulivu, huenda hivi:

1. Ondoa kokoto ubavuni mwa taruma, pande zote mbili, mpaka uone sehemu yake ya chini. Acha kokoto za kichwani, ndizo zinazoizuia njia isihame kando.
2. Weka jeki ndogo au mtaimbo chini ya reli, usiweke chini ya taruma, ukainue kidogo kidogo huku mwenzako akitazama pimamaji. Simamisha milimita 2 juu ya kipimo unachotaka, maana pataketi.
3. Chukua chuma bapa chenye ncha butu, upana wa vidole viwili. Kiinamishe, sukuma kokoto ziingie chini ya taruma moja kwa moja chini ya reli, ukigonga kwa nyundo ya gramu 500 hivi. Mapigo mafupi, mengi.
4. Fanya upande wa pili wa taruma mahali pale pale, kisha hamia reli nyingine. Shindilia chini ya reli na kuelekea vichwani. Katikati ya taruma pabaki palegevu.
5. Toa jeki. Gonga taruma kwa mpini wa nyundo usikilize. Lililokaa vizuri hutoa sauti nzito, fupi. Lenye uwazi hulia kama debe.
6. Rudisha kokoto, zijae mpaka usawa wa uso wa taruma, na mbele ya vichwa ziache bega pana la kokoto.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika. Taruma lililoshindiliwa katikati kuliko pembeni hugeuka pembea: treni ikipita linayumba kushoto na kulia, na njia iliyokuwa imezama kidogo sasa inayumba kabisa.

Jambo jingine, usiinue taruma moja peke yake hata kama ni moja tu lililozama. Sambaza mwinuko kwa mataruma matano au sita kila upande, ukipunguza taratibu, vinginevyo umetoa bonde ukaweka kichuguu.

Kunyoosha kona kwa uzi

Kona iliyokaa sawa kabisa huipitisha treni bila mtikisiko. Kona yenye goti, yaani sehemu fupi iliyopinda kuliko majirani zake, humrusha abiria pembeni. Jicho huona goti kubwa. Uzi huona dogo.

Weka alama ya chaki kila mita 1 kwenye reli ya nje. Chukua uzi wa uashi wenye urefu wa mita 2, uvute ukaze, ncha zake ziguse uso wa ndani wa reli kwenye alama mbili zinazopakana na ile unayoipima. Pima kwa rula umbali kutoka uzi hadi reli pale kwenye alama ya katikati. Songa alama moja mbele, rudia.

Kipimo hicho kinakupa na nusu kipenyo cha kona: zidisha urefu wa uzi kwa wenyewe, gawanya kwa mara 8 ya kipimo. Uzi wa mita 2 na kipimo cha milimita 25 ni nusu kipenyo cha mita 20. Lakini kwa matengenezo, kinachotafutwa ni namba zinazofanana. Tuseme umepata 25, 25, 21, 33, 21, 25. Alama ya 33 imetoka nje, na majirani zake wanasoma chini ya kawaida kwa sababu ncha ya uzi wao ilishikwa hapo hapo kwenye kosa. Ukisogeza alama moja ndani kwa milimita 8, kipimo chake hushuka 8 na cha kila jirani hupanda 4, nusu yake. Kwa hiyo sogeza alama hiyo peke yake milimita 8 kuelekea ndani, na zote zinasoma 25. Hao majirani wenye 21 usiwaguse, wako mahali pao. Anayewasogeza kwa sababu wanasoma vibaya ameharibu sehemu mbili nzuri ili kuficha moja mbovu, na mimi mwenyewe nilishafanya hivyo mchana mzima kabla ya kuelewa.

Kabla ya kusogeza, legeza kokoto za kichwani upande mmoja tu. Ukimaliza, rudisha bega na ushindilie.

Viungo na joto

Chuma hutanuka, alumini hutanuka karibu mara mbili yake. Reli ya alumini ya mita 3 ikipanda nyuzi 30 za joto hurefuka milimita 2 hivi; ya chuma milimita 1 hivi. Inaonekana ndogo, lakini njia ya mita 300 ya alumini ina viungo 100, na milimita 200 zikikosa pa kwenda zitatafuta: njia itaruka kando kwa kishindo, imepinda kama nyoka.

Ukiweka reli asubuhi ya baridi, acha mwanya mpana. Ukiiweka mchana wa jua, mwanya uwe mdogo. Tumia vipande vya bati vya unene unaojulikana, ukivitoa baada ya kukaza. Fishipleti, yaani mabamba ya kuungia, ziwe zimeishika reli usawa mmoja lakini ziiruhusu kuteleza. Matundu yawe marefu kidogo, grisi nyembamba katikati, na nati ziwe za aina isiyolegea yenyewe. Bolti iliyokazwa kwa hasira imekifunga kiungo kabisa.

Kazi ya kufukua kokoto ifanywe asubuhi. Mchana wa joto kali, reli ikiwa imebanwa na kokoto zimetolewa, hakuna kinachoizuia kuruka.

Kwenye mteremko reli hutambaa taratibu kuelekea chini, kwa kuwa treni hufunga breki hapo. Mianya ya chini hufunga, ya juu hufunguka. Msikate reli ili kupata mwanya. Legezeni, irudisheni juu, muishikize upya kwenye mataruma.

Mataruma

Taruma la mbao huoza kuanzia kwenye tundu la skrubu, ndani, wakati juu bado linaonekana zima. Lichome kwa bisibisi kuukuu karibu na reli. Ikizama bila kubisha, limekwisha. Skrubu inayozunguka bila kukaza usiirudishe tundu lile lile. Ziba kwa kipande cha mbao ngumu na gundi isiyoogopa maji, au sogeza taruma kidogo utoboe upya. Ya plastiki iliyorejelewa hayaozi, ila yanahitaji kutobolewa kwanza kwa drili ya ukubwa sahihi. Badilisha moja, ruka mawili, badilisha la nne, ili wakati wote njia iwe na kinachoshika geji. Yaliyobaki yatasubiri wiki ijayo.

Penye treni za mvuke angalieni pia alama za kuungua. Kaa la moto linalodondoka kutoka sanduku la majivu hutulia juu ya taruma kavu na kuanza kufuka baada ya watu kuondoka. Ndoo za maji ziwepo njiani, na mtu azunguke mara ya mwisho saa moja baada ya moto kuzimwa.

Pointi

Pale njia inapogawanyika ndipo penye sehemu zinazotembea, kwa hiyo pakaguliwe kila siku ya treni, asubuhi, bila kuruka. Ulimi wa reli ulale kabisa kwenye reli mama. Ingiza kipande cha bati cha milimita 1 nchani: kikipita, pointi haijafunga, na ukingo wa gurudumu unaweza kuingia katikati. Kokoto moja, au mbegu ya mti, inatosha kusababisha hilo. Fagieni kwa brashi, msipulize kwa mdomo mkiwa mmeinama, vumbi litawaingia machoni.

Kisha ile reli fupi ya ulinzi, iliyo mkabala na pua ambapo reli mbili zinakatana. Kazi yake ni kulivuta gurudumu la upande wake ili mwenzake wa upande wa pili asiigonge pua. Ikilegea au ikilika, gurudumu hupiga pua na siku moja hupita upande usiofaa. Pima kutoka pua hadi uso wa reli ya ulinzi, ulinganishe na kipimo cha klabu. Pua yenye makovu mapya imekwisha kukujibu kabla ya kupima.

Treni ikiacha njia

Watu kwanza. Wakishatulia na kukaguliwa, msikimbilie kuinua behewa. Tafuteni kwa kurudi nyuma: alama za magurudumu juu ya mataruma, kisha mahali lilipodondoka, kisha mchoro mshazari juu ya reli palipoanzia kupanda. Hapo wekeni chaki, na mpime geji na usawa mita 5 kurudi nyuma, kwa sababu kasoro hukaa kabla ya alama. Pimeni na behewa lenyewe: umbali kati ya magurudumu kwa ndani, kama bogi (fremu ndogo ya magurudumu chini ya behewa) inazunguka bila kukwama, abiria walikaaje. Mara kadhaa njia imelaumiwa bure kwa gurudumu lililohama kwenye ekseli. Andikeni yote, hata kama sababu haikupatikana. Tukio la pili mahali pale pale litaifafanua.

Kugawa kazi na kufungua njia

Wanaojitolea wana saa chache, na anayeondoka bila kuona alichomaliza hatarudi. Kata kazi vipande vinavyokwisha siku hiyo hiyo: mataruma 8, mfereji wa mita 6, pointi moja. Usifungue mita 20 za njia saa nane mchana. Mgeni awekwe na mzoefu, ashike uzi, asome rula, aandike daftari. Baada ya siku mbili apewe chuma cha kushindilia. Watoto wakiwa na wazazi wao wanaokota majani na matawi vizuri mno, mbali na vifaa vizito. Wenye magoti mabovu wapewe kigoda kifupi, wafanye kazi ya viungo wakiwa wamekaa.

Kazi ikiisha, pitisheni kwanza kigari kitupu kwa kukisukuma kwa mkono, sikio likiwa karibu na reli. Kisha kichwa peke yake, mwendo wa mtu anayetembea. Kisha behewa lililobeba watu wazima wa klabu, mara tatu, huku mtu amepiga goti pembeni akitazama mataruma yaliyoguswa. Palipoketi pashindiliwe tena siku hiyo hiyo.

Anayetia saini kwamba njia iko salama asiwe yule aliyefanya kazi. Baada ya saini yake vifaa vinahesabiwa, bendera mbili zinarudi sandukuni, na msimamizi anatoa ufunguo mfukoni.